Mgongo Haunyooki kwa Amri

Mwambie mtu aliyejikunja kitini anyooshe mgongo, naye atatii papo hapo. Atatoa kifua mbele, atavuta mabega nyuma, atainua kidevu na kubana pumzi kidogo. Anayemtazama ataona amekaa vizuri. Lakini ukimgusa mgongoni, chini ya mbavu, utakuta misuli imekakamaa, na kiuno kimeingia ndani kuliko kawaida yake. Baada ya dakika mbili tatu atachoka, atashika simu, na mwili utarudi pale pale ulipokuwa. Wengi wetu tumelelewa kwa amri hii nyumbani, darasani na kwenye paredi ya asubuhi, ambako "mguu sawa" hutangulia wimbo wa taifa. Imetolewa mara nyingi mno, na waliobaki wima kwa sababu yake ni wachache.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu, nia njema na misuli mizima ashindwe kubadili namna anavyokaa, anavyosimama au anavyotembea? Jibu la haraka ni uvivu. Jibu hilo ni la uonevu, tena si la kweli. Aliyelifanyia kazi swali hili kwa uvumilivu kuliko wengi alikuwa mghani wa jukwaani kutoka Australia, Frederick Matthias Alexander, na mbinu inayobeba jina lake inafundishwa hadi leo kwa masomo ya mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Ili kuipima kwa haki, ni lazima kutenganisha alichokigundua Alexander na alichokidai. Wafuasi wake na wapinzani wake wameyachanganya mambo hayo mawili kwa zaidi ya karne moja.

Alizaliwa mwaka 1869 karibu na mji wa Wynyard, katika kisiwa cha Tasmania. Kazi aliyoipenda ilikuwa kughani Shakespeare mbele ya watu, na katika zama zisizo na vipaza sauti kazi hiyo ilitegemea koo peke yake. Koo likaanza kumsaliti. Sauti ilikwaruza, kisha ikawa inakauka katikati ya onyesho, na rafiki zake walimsikia akivuta hewa kwa kishindo. Daktari alimshauri aipumzishe sauti. Akaipumzisha, ikarudi, akapanda jukwaani, ikapotea kabla onyesho halijaisha. Hapo alijenga hoja iliyo mzizi wa yote yaliyofuata: ikiwa sauti ni nzima kabla ya kughani na imeharibika baada ya kughani, basi kuna jambo analolifanya yeye mwenyewe wakati wa kughani. Daktari alikubali, ila hakuweza kumwambia ni jambo gani.

Akaweka kioo na kuanza kujitazama. Alipozungumza kwa kawaida hakuona kitu. Alipoghani aliona mara moja kwamba kichwa kinarudi nyuma na kuibana shingo, zoloto inakandamizwa chini, na hewa inavutwa kwa mdomo. Alipoendelea kujitazama aligundua kwamba mambo hayo hayo yalikuwepo hata katika mazungumzo, ila kwa kiasi kidogo ambacho jicho lisilojua linatafuta nini hukikosa. Lililoongoza mengine lilikuwa la kichwa. Kila alipofaulu kupunguza kukirudisha nyuma, koo na pumzi vilitulia vyenyewe.

Mpaka hapa hiki ni kisa cha mtu makini tu. Uzito wake uko katika kilichofuata. Alexander aliamua kukipeleka kichwa mbele wakati wa kughani, na akahisi kabisa kwamba amekipeleka mbele. Alipoongeza vioo viwili pembeni aliona kinyume chake: katika nukta ile ya kutoa sauti, kichwa kilikuwa kikirudi nyuma. Mwili ulimwambia jambo moja, kioo kikamwonyesha jingine, na mwili ndio uliokuwa ukidanganya. Hisi tunayoitegemea kujua viungo vyetu viko wapi hupima kwa kulinganisha na kilichozoeleka. Mtu aliyezoea kuinamisha shingo upande mmoja, ukimweka sawa, atakuambia umempindisha. Amri ya kunyoosha mgongo inashindwa hapo hapo, kwa kuwa inamtaka mtu atafute usawa kwa kutumia hisi ileile iliyopotoka.

Hatua iliyobaki ndiyo iliyomsumbua zaidi. Aliona kwamba kila lilipomjia wazo la kusema sentensi, njia ya zamani ilikuwa imekwisha kuanza kabla hajaamua lolote. Kujitahidi kufanya vizuri kulikuwa kufanya vilevile kwa nguvu zaidi. Basi akajifunza kutofanya. Alijipa wazo la kusema, kisha akakataa kulitekeleza. Katika kukataa huko alijielekeza kimyakimya: shingo iachiwe, kichwa kiende mbele na juu, mgongo urefuke na kupanuka. Alipofika kwenye nukta ya kuamua alijiacha huru: aseme, au anyanyue mkono badala ya kusema, au asifanye chochote. Kwa kuwa kutosema kulikuwa kweli kunawezekana, mwili uliacha kukimbilia njia yake ya zamani. Ameyaeleza haya katika sura ya kwanza ya The Use of the Self, kitabu chake cha mwaka 1932. Sijui maelezo mengi ya mtu kujichunguza mwenyewe yaliyo makini kuliko hayo.

Mwanafalsafa wa Marekani John Dewey, aliyepokea masomo kwa Alexander mjini New York wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alilifikisha jambo hili mbali zaidi. Katika Human Nature and Conduct cha mwaka 1922 alihoji imani kwamba mtu akishaambiwa asimame wima, kinachobaki ni nia yake tu. Kwa Dewey, nia haikai pembeni ikisubiri kuyaamuru mazoea. Mazoea ndiyo nia yenyewe ikiwa kazini. Aliyezoea kusimama vibaya hana ndani yake namna nyingine ya kusimama ambayo anaikataa kwa ukaidi. Sharti kwanza aionje namna hiyo nyingine, na hawezi kuionja kwa kuitamani.

Kazi ya mwalimu inaanzia hapo. Alexander mwenyewe alianza kufundisha kwa maneno, akaona hayatoshi, maana mwanafunzi akisikia "achia shingo" huifanya shingo kitu fulani mara moja. Akaanza kutumia mikono. Alihamia London mwaka 1904, akajijengea sifa miongoni mwa waigizaji, na kwa miaka mingi alifundisha hivyo. Wanafunzi wake baadaye walijumuisha George Bernard Shaw na Aldous Huxley. Mwaka 1931 alianzisha kozi ya kwanza ya kufundisha walimu. Leo, chama cha walimu wa mbinu hii cha Uingereza kilichoundwa mwaka 1958 kinadai miaka 3 na saa zipatazo 1,600 za mafunzo kabla ya mtu kuitwa mwalimu. Sehemu kubwa ya saa hizo huenda katika kumfundisha mwalimu asijikaze yeye mwenyewe anapomgusa mtu mwingine.

Somo la kawaida huchukua dakika 30 hadi 45. Mwanafunzi huvaa nguo zake za kila siku. Hakuna mafuta, hakuna kukandwa, hakuna kuvutwa mifupa mpaka ilie. Mwalimu huweka mkono mmoja chini ya kisogo, mwingine mgongoni au chini ya taya, kwa mguso mwepesi. Humwambia mwanafunzi kwamba baada ya muda atamwomba ainuke kitini, lakini kwa sasa asiinuke. Mkono wa kisogoni tayari umehisi shingo ikijikaza kwa ajili ya safari ambayo bado haijaanza. Mwalimu humwonyesha. Wanarudia, na kurudia. Katika marudio fulani mwanafunzi huacha kujiandaa, mikono inamwongoza juu, naye anajikuta amesimama bila ile jitihada aliyodhani ndiyo kusimama kwenyewe. Wengine husema wamejihisi wepesi. Wengine husema wamejihisi wamepinda au wanaelekea kuanguka mbele, na mwalimu mzuri hufurahia kauli hiyo ya pili, kwa sababu inaonyesha kwamba kipimo cha zamani kimeguswa.

Sehemu nyingine ya somo hufanyika mwanafunzi akiwa amelala chali mezani, magoti yameelekea dari, vitabu vichache vimewekwa chini ya kichwa ili kisirudi nyuma. Mwalimu hunyanyua mkono au mguu wake, na kazi ya mwanafunzi ni kutomsaidia. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Watu wazima wengi, ukiwanyanyua mkono, huunyanyua wao na kukuachia sifa. Kulala hivyo nyumbani kwa dakika 10 au 15 kila siku ndilo zoezi linalopendekezwa zaidi kati ya somo na somo.

Waliosoma chuo cha Kurani huko pwani wanaijua elimu ya namna hii. Mtoto anaweza kuwa na msahafu wenye alama zote za tajwidi, lakini herufi inayotoka kooni hawezi kuisahihisha peke yake, kwa kuwa sikio lake limelelewa na matamshi yake mwenyewe. Huketi mbele ya mwalimu, husoma, husimamishwa, husoma tena. Wenzake wakisoma kwa pamoja, sauti ya kundi hufunika kosa lake. Masomo ya faragha ya Alexander yana sababu hiyo hiyo, nami naona ni sababu ya haki: kila mtu ana kosa lake, na kila mtu ni kipofu kwa lile lake.

Je, kuna kitu halisi kinachobadilika mwilini, au ni faraja ya kuguswa na mtu makini? Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kimekalia pingili ya kwanza ya shingo mahali pa juu kuliko wengi wanavyodhani, usawa wa masikio. Uzito wake umeegemea mbele kidogo ya kiungo hicho, hivyo misuli ya kisogo haipumziki kabisa tukiwa wima. Misuli midogo iliyo chini ya fuvu imejaa vipokezi vinavyoupa ubongo habari za urefu na mvuto wa misuli, na ikikazwa kwa kudumu, habari hizo huweza kuvurugika. Frank Pierce Jones wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, alitumia picha na vipimo vya misuli kuchunguza watu walioshtushwa na kishindo. Alionyesha kwamba mwili hujibu kwa kuikaza shingo na kukivuta kichwa kabla ya kitu kingine. Kwa mtazamo wake, mikao mingi tunayoiita mibaya ni mshtuko huo uliopoa na kugeuka tabia.

Utafiti wa karibuni umelitazama jambo hili kwa njia nyingine. Timothy Cacciatore na wenzake waliwasimamisha watu kwenye kifaa kinachozungusha mwili polepole mno, wakapima kiwiliwili na nyonga zinavyopinga. Mwaka 2011 walichapisha matokeo: walimu wa mbinu hii walikuwa na ukakamavu mdogo kuliko watu wa kawaida, na wagonjwa wa mgongo waliopewa masomo walipungukiwa na ukakamavu baada ya masomo hayo. Misuli yao haikulegea. Iliufuata mwendo badala ya kuupinga. Naona hili ni muhimu kuliko picha yoyote ya mtu aliyekaa wima. Kilichobadilika hakikuwa umbo la mgongo, bali namna misuli inavyojirekebisha. Linaafikiana pia na jambo ambalo wataalamu wa maumivu ya mgongo wamekuwa wakilisema kwa miaka kadhaa sasa, kwamba hakuna mkao mmoja sahihi uliothibitika kumkinga kila mtu. Anayeuza mkao kamili, awe mwalimu wa shule au mtengenezaji wa mikanda ya kuvuta mabega, anauza kitu ambacho hakijapatikana.

Ushahidi mzito zaidi wa faida kwa wagonjwa ulichapishwa Uingereza mwaka 2008 katika jarida la BMJ. Wagonjwa 579 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu au yanayojirudia, kutoka vituo 64 vya madaktari wa familia, waligawanywa kwa nasibu. Baadhi walipata huduma ya kawaida tu, baadhi masaji mara 6, baadhi masomo 6 ya Alexander, na baadhi masomo 24. Nusu ya kila kundi waliandikiwa pia mazoezi, hasa ya kutembea. Baada ya mwaka mmoja, waliopata huduma ya kawaida waliripoti siku 21 za maumivu katika wiki 4. Waliopata masaji waliripoti 14, waliopata masomo 6 waliripoti 11, na waliopata masomo 24 waliripoti 3. Kwa maumivu ya mgongo, ambayo hushinda dawa nyingi, tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini tuitazame kwa makini. Hakuna njia ya kumficha mgonjwa kwamba anapewa masomo, na majibu yote ni ya mgonjwa mwenyewe. Aliyepata masomo 24 alipata pia saa nyingi za kusikilizwa na kushughulikiwa na mtu mmoja, kitu ambacho aliyepata huduma ya kawaida hakukipata. Ulinganisho ninaouamini zaidi ni ule wa 6 kwa 6. Kwa upande wa ulemavu, yaani shughuli ambazo mgongo humzuia mtu kuzifanya, nafuu ya masaji ilionekana baada ya miezi 3, na mwaka ulipotimia ilikuwa imefifia. Ya masomo 6 ilibaki. Mguso peke yake ungekuwa ndio tiba, makundi hayo mawili yangefanana. Kilichobaki baada ya mwaka lazima kiwe kitu ambacho mgonjwa aliondoka nacho akaendelea kukitumia. Zaidi ya hayo, masomo 6 yaliyofuatwa na mazoezi ya kutembea yalitoa karibu robo tatu ya faida ya masomo 24, kwa gharama ndogo sana. Nitalirudia jambo hili.

Matokeo mengine ni ya kiasi. Mwaka 2015 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha jaribio la wagonjwa 517 wa maumivu sugu ya shingo. Waliopata masomo 20 na waliopata tiba ya sindano za Kichina walipungukiwa na maumivu na usumbufu wake kwa takriban theluthi moja baada ya mwaka, wakati waliobaki na huduma ya kawaida walipungukiwa kwa karibu robo. Faida ipo, ila si ya kupigiwa tarumbeta. Katika ugonjwa wa Parkinson, jaribio la watu 93 lililochapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba masomo 24 yaliwasaidia wagonjwa kumudu shughuli za kila siku, na mwongozo rasmi wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2017 unawaruhusu madaktari kuyafikiria kwa wenye matatizo ya mizani na mwendo. Kwa pumu, jopo la Cochrane, shirika linalopitia tafiti za tiba, lilitafuta majaribio ya kuaminika likakosa hata moja. Mapitio ya serikali ya Australia ya mwaka 2015 yaliiweka mbinu hii pamoja na tiba nyingine zisizo na ushahidi wa wazi. Hukumu hiyo nadhani ilikuwa kali mno kwa upande wa mgongo, na ya haki kwa mengine mengi.

Alexander mwenyewe hakuwa na kiasi. Aliandika kana kwamba ameupata ufunguo wa afya yote ya binadamu, na madai hayo yalimpeleka mahakamani barani Afrika. Mwaka 1944 jarida la serikali ya Afrika Kusini lilichapisha makala ya Ernst Jokl, mtaalamu wa elimu ya viungo, iliyomwita laghai. Akashtaki. Kesi ilisikilizwa Johannesburg mwaka 1948. Akashinda na kupewa fidia ya pauni 1,000, na rufaa ya mwaka 1949 ikagonga mwamba. Wafuasi wake bado huitaja kesi hii kama ushahidi kwamba mbinu ni ya kweli. Si hivyo. Mahakama iliamua kuhusu jina la mtu, na jina la mtu likisafishwa, misuli yetu haijasemewa lolote.

Mji huo huo uliipa mbinu hii mwanafunzi aliyekuwa na uzito zaidi kuliko hukumu. Raymond Dart, profesa wa anatomia aliyelitambua fuvu la mtoto wa Taung na kutangaza kwamba mizizi ya binadamu imo Afrika, alichukua masomo Johannesburg mwaka 1943 kwa Irene Tasker, mwalimu aliyefunzwa na Alexander. Baadaye alibuni mfululizo wa mijongeo ya sakafuni inayofuata hatua za mtoto mchanga kutoka kulala hadi kusimama, na walimu wengi bado wanaitumia. Mwaka 1973 Nikolaas Tinbergen, aliyepokea Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wa tabia za wanyama, alitumia sehemu kubwa ya hotuba yake ya tuzo kumsifu Alexander. Sifa za wakubwa hazithibitishi kitu. Zinaonyesha tu kwamba watu waliozoea kutazama kwa makini walikuta hapa kitu cha kutazamwa.

Kuna ukurasa mwingine ambao msomaji wa Kiafrika hapaswi kufichwa. Katika Man's Supreme Inheritance, kitabu chake cha mwaka 1910, Alexander aliwapanga binadamu kwa ngazi. Chini aliwaweka aliowaita washenzi, wanaoongozwa na silika. Juu aliwaweka waliostaarabika, walio tayari kuutawala mwili kwa fahamu. Ulikuwa ubaguzi wa rangi uliovalishwa joho la sayansi, na hakuna sababu ya kuutetea kwa kisingizio cha zama zake. Kinyume chake kimekuja baadaye, nacho kinanikera karibu sawa: katika vitabu na matangazo ya mafunzo ya mkao huko Ulaya na Marekani, mwanamke wa Kiafrika mwenye mtungi kichwani huonyeshwa kama binadamu ambaye hajaharibiwa. Kwanza alikuwa mnyonge wa silika, sasa ni malaika wa silika. Katika picha zote mbili hakuna anayeuliza alijifunzaje.

Alijifunza, na kazi yake imepimwa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vilivyofanywa na kundi la G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba ya paji la uso. Mizigo ya hadi asilimia 20 ya uzito wao waliibeba bila kuongeza nishati inayopimika. Mwaka 1995 kundi jingine lilieleza sababu yake: wanapobeba, miili yao huibadilisha nguvu ya kushuka kwa kila hatua kuwa nguvu ya kusonga mbele, kwa upotevu mdogo kuliko kawaida. Halafu mwaka 2010 utafiti wa wanawake wa Kixhosa ulionyesha kwamba nafuu hiyo si ya kila mtu. Tofauti kati ya mwanamke na mwanamke ni kubwa, na shingo huuma.

Ukiyaweka matokeo hayo pamoja, huoni silika hata kidogo. Unaona ustadi. Binti huanza na kopo dogo juu ya ngata, akimfuata mama yake kutoka kisimani. Akikirudisha kichwa nyuma au kukaza shingo kwa ghafla, maji humwagika na anajua hapo hapo, bila kuhitaji kuambiwa. Mzigo ulimpa kile ambacho Alexander alikitafuta kwenye vioo, yaani habari ya kweli kutoka nje ya hisi yake. Walio na kisima mbali walilipia elimu hiyo kwa shingo zao, na hakuna haja ya kuwatamania mabinti zetu hali hiyo. Ila ni ushahidi kwamba njia ya kujirekebisha si lazima ipitie chumba cha London.

Na chumba hicho ni ghali. Masomo 24 ya mtu mmoja mmoja, kwa mwalimu aliyesomea miaka 3, ni anasa kwa watu wengi wa dunia hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020. Huku kwetu hata wataalamu wa fiziotherapia wanaosomeshwa katika vyuo kama KCMC mjini Moshi na KMTC nchini Kenya ni wachache kuliko wagonjwa wanaowangoja. Kupendekeza kwamba kila mwenye mgongo mbovu atafute mwalimu wa faragha hakungemsaidia mtu.

Kwa hiyo yale matokeo ya masomo 6 pamoja na kutembea yana maana kubwa kwetu kuliko kwa Waingereza. Yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya faida hupatikana mapema, mara mtu anapoonyeshwa kwa mikono ya mwingine jambo analolifanya bila kujua, kisha akaachwa alifanyie kazi. Majaribio ya kufundisha kwa vikundi nayo yameanza. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2018, wa watu 10 tu wenye maumivu ya shingo, ulitoa dalili njema kwa madarasa 10 ya pamoja. Ni mdogo mno kujengea sera, lakini unatosha kuhalalisha jaribio kubwa zaidi. Kulala chali mkekani, magoti juu na kitabu chini ya kichwa, hakugharimu kitu. Kusita kidogo kabla ya kuinua ndoo, na kuachia shingo kabla mkono haujashika, kunaweza kufundishwa na muuguzi aliyefunzwa vizuri.

Hata hivyo kuna mpaka ambao walimu wa mbinu hii huuvuka kwa wepesi. Si kila mgongo unaouma unauma kwa sababu ya mazoea ya mwenye mgongo. Mkulima ameinama kwa sababu mpini wa jembe ni mfupi. Fundi cherehani amejikunja kwa sababu stuli na meza haviendani. Mtoto wa shule amekaa upande kwa sababu dawati la wawili linakaliwa na wanne. Dereva wa bodaboda anakaa juu ya pikipiki mchana kutwa kwa sababu hesabu ya mwenye pikipiki lazima itimie. Kuwaambia watu hawa wajifunze kujitawala kwa fahamu, huku mpini, stuli, dawati na hesabu vikibaki vilevile, ni kuwarudishia ile amri ya kunyoosha mgongo kwa lugha tamu zaidi.

Jaribio ninalotamani kuliona lingefanyika katika karakana za ushonaji, Dar es Salaam au Nairobi, ambako mamia ya watu hufanya kazi ileile kwa mkao uleule. Kundi moja lirekebishiwe viti na meza. La pili lipewe masomo 6 kutoka kwa wataalamu wa fiziotherapia waliofunzwa kutumia mikono kwa namna hii. La tatu lipate yote mawili, na la nne liendelee kama kawaida, likiahidiwa kupewa kilichoonekana bora baadaye. Baada ya mwaka, kila fundi aulizwe swali lilelile la jaribio la Uingereza: katika wiki 4 zilizopita, mgongo ulikuuma siku ngapi? Dau langu liko kwa kundi la tatu. Lakini kama viti peke yake vitatoa nafuu ileile, fedha ziende kwa maseremala.